Mkubwa wa Meza

Saw Gaik hakuwa mtu wa kupewa chai na tabasamu akalainika. Popote alipotia mguu, pua yake ilikuwa imeshatangulia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vibao vya kompyuta kule Bayan Lepas, kazi yake kuinamia hadubini na kutafuta ufa ambao wenzake wote wameapa kwamba haupo. Alistaafu na vitu vitatu: kiinua mgongo, shingo inayouma, na tabia ya kutomwamini yeyote anayesema kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo ilipobidi amtafutie mama yake makao ya wazee, alinunua daftari jipya, akaandika humo maswali thelathini na moja, akachomeka kalamu ya risasi sikioni.

Mama yake, Bi Kim Sian, alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza taratibu: kwanza funguo, halafu njia ya sokoni, mwisho binti yake mwenyewe, ambaye siku hizi alimwita "dada" kwa heshima, kama mtu aliyekutana naye juzi. Saw Gaik alilizoea hilo, au alijiambia amelizoea. Hakuweza kuzoea habari ya chakula. Tangu mwaka uliopita mama alikuwa akikaa mbele ya bakuli, mikono juu ya mapaja, bila kula. Akilishwa kwa kijiko alifumba mdomo, tena si kwa ukaidi, bali kwa adabu kabisa. "Bado," alisema, kisha akatazama mlango.

Suruali zake sasa zilishikwa na pini kiunoni. Daktari hakuzunguka: zikipungua kilo mbili nyingine, atatiwa mrija wa puani. Saw Gaik alimwona jirani yao akiishi na mrija huo miezi kumi, mikono imefungwa vitambaa asiung'oe, na hakutaka kuliona jambo hilo tena katika maisha yake. Nyumbani alikuwa ameshajaribu kila alichokijua. Mgongo wake nao ulikuwa umechoka kumnyanyua mama, na mara mbili mama alitoka peke yake hadi barabarani. Basi maswali thelathini ya daftari yalihusu mabafu, dawa na milango. La thelathini na moja liliuliza neno moja: atakula?

Makao ya kwanza yalichaguliwa na mdogo wake, Teik Hin, aliyeishi Kuala Lumpur na kushiriki malezi ya mama kwa njia ya simu. Yalikuwa juu ya kilima, vioo vitupu, na meneja wake, Bwana Yeoh, alivaa tai kwenye joto lililowalaza chali hata paka. Saw Gaik alimshika mama kwa mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Alifungua mabomba yote. Alipitisha kidole juu ya fremu za picha. Alibonyeza kengele ya kitandani, akatazama saa, na mlezi akatokea baada ya sekunde arobaini, akihema. Bwana Yeoh alicheka kidogo akauliza kama dada ametoka wizarani. Saw Gaik alimjibu kwamba ametoka nyumbani kwake.

Hakupata kosa, na hilo lilimkera. Aliomba mama apewe chakula cha mchana palepale, aone. Kila mzee alikula chumbani kwake, kwenye meza ndogo iliyoelekea dirishani ili aone bahari. Mama aliletewa uji wa wali wenye kuku, harufu yake nzuri, tangawizi imekatwa nyembamba kama uzi. Mlezi alikuwa msichana mpole wa Kifilipino. Alimbembeleza, akamwimbia, akajifanya kula yeye kwanza. Mama alimshukuru kwa kila tendo na hakugusa kitu. Saw Gaik alikaa kitandani akihesabu. Katika nusu saa mama alitazama mlango mara kumi na moja, na dirishani penye bahari hakutazama hata mara moja.

Njiani kurudi, swali lilimng'ang'ania. Mama anamtazamia nani? Zamani alidhani ni marehemu baba, na aliwahi kuiweka picha yake mezani kando ya mchuzi. Mama aliifuta vumbi picha ile, akaigeuzia ukutani, na wali ukapoa. Kwa hiyo si baba. Saw Gaik alichora mlango mdogo pembeni ya ukurasa, akauwekea alama ya kuuliza.

Makao ya pili aliyasikia kwa muuza tofu, na alikwenda ili tu aweze kuyafuta kwenye orodha. Ilikuwa nyumba ya zamani Pulau Tikus, geti lake likilia kama limekanyagwa. Mwenye nyumba alikuwa Sista Pushpam, muuguzi mstaafu, Mtamil aliyezaliwa mtaa uleule na aliyesema Kihokkien, lugha ya Wachina wa pale, vizuri kuliko majirani zake Wachina wenyewe. Alikuja kuwapokea kwa ndala, mkononi ana kisu cha jikoni na kitunguu nusu.

Pua ya Saw Gaik ilipata dagaa wa kukaanga, mafuta ya kuchua, sabuni ya mche, na mkojo kwa mbali, kiasi cha nyumba yenye wazee saba na ukweli. Aliandika. Bafu la nyuma halikuwa na bomba la kushikia. Vigae vya korido viliteleza. Alibonyeza kengele, akasubiri dakika nzima, akabonyeza tena.

"Hiyo imekufa tangu mwaka juzi," Sista alimwambia kutoka jikoni. "Unamwitia nani? Mimi si huyu hapa?"

"Na usiku?"

"Usiku nalala kwenye korido hapo. Wananiita kwa jina, na wengine kwa matusi. Nasikia yote."

Saw Gaik alivuta mstari katikati ya ukurasa. Alifunga daftari, akageuka kumchukua mama waondoke, na mama hakuwepo kwenye kiti.

Alikimbia hadi getini, akakuta limefungwa, akarudi. Mama alikuwa chumba cha kulia. Amekunja mikono ya blauzi na alikuwa akiizunguka meza ya duara, akipanga vijiti vya kulia, jozi baada ya jozi, ncha zote zikitazama upande mmoja. Hakuna aliyemtuma. Sista alimkonyeza Saw Gaik asiseme neno.

Wazee waliingia mmoja mmoja na kukaa. Mama hakukaa. Alisimama kando ya ukuta, macho mlangoni. Ndipo akaletwa wa mwisho, katika kiti cha magurudumu, bibi mmoja mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, masikio mazito, amevaa bangili ya jade, lile jiwe la kijani, iliyomzidi mkono. Alikuwa Bibi Gek Eng, mwenye miaka tisini na sita. Mama alijiweka sawa, akasogea hadi nyuma ya kiti chake, akainama.

"Mama, karibu chakula," alisema.

Bibi Gek Eng hakusikia, au alisikia akaona ni haki yake. Mama alimpakulia wali, akamwekea vijiti mkononi, akasubiri. Bibi akatia tonge la kwanza mdomoni. Mama alivuta kiti cha mwisho kabisa, kile kilicho karibu na mlango wa jikoni, akakaa, akavuta bakuli, akala. Alikula wali, mchicha, yai, akaongeza mchuzi. Saw Gaik alisahau kukaa. Mwaka mzima hakuwa ameona taya za mama yake zikifanya kazi namna ile, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

Alichuchumaa karibu naye. "Mama, yule ni nani?"

"Punguza sauti, dada," mama alimwambia. "Mama mkwe wangu."

"Na kule kilimani juzi, mbona hukula?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Nile vipi, naye hajaketi?"

Saw Gaik akaona aibu, aibu ya mkaguzi aliyepitwa na ufa wenye upana wa kidole. Mila yenyewe aliijua, kila mtoto wa Kihokkien aliijua: mdogo huwaita wakubwa mezani kwa vyeo vyao, na mkubwa wa wote akishatia tonge ndipo wengine wanagusa chakula. Katika nyumba ya bibi yake mzaa baba, duka chini na ukoo mzima juu, mama ndiye aliyekuwa mke wa mwana wa mwisho. Kwa miaka kumi na tano aliwaita wote, alisubiri wote, akala wa mwisho kabisa. Nyumbani kwake Saw Gaik hakuacha kumwita mama, kila siku, "Mama, karibu chakula," akidhani mkubwa wa meza ni mama. Kumbe kichwani mwake mama alikuwa bi harusi wa miaka ishirini na mmoja, na mkubwa wa meza yake alikuwa kaburini tangu Saw Gaik yuko shule ya msingi.

Jaribio moja si ushahidi. Hilo alilifundisha kiwandani kwa miaka ishirini na miwili. Kesho yake akamleta mama tena. Siku hiyo Bibi Gek Eng alichelewa bafuni, na mama akasubiri kando ya ukuta dakika ishirini na tano, wali unapoa, Saw Gaik akiuma kucha. Kiti cha magurudumu kilipoingia, mama akainama, akaita, akala. Saw Gaik aliandika saa na dakika.

Jioni alimpigia simu Teik Hin. Alikuwa bado hajamaliza kueleza.

"Dada, unataka kumweka mama mahali ambapo hata kengele ni mbovu?"

"Kengele nitaitengeneza. Bafu nitalifungia bomba mwenyewe, drili ninayo."

"Na huyo bibi? Ana tisini na sita. Akifa mwezi ujao, je?"

Swali lilikuwa zuri, kwa hiyo Saw Gaik aliliandika. Likawa la thelathini na mbili. Siku ya tatu alimfuata Sista Pushpam jikoni, akamsomea kama lilivyo.

Sista hakuacha kukatakata. "Akienda yeye, anayefuata ni Bibi Swee Lan, tisini na mbili. Nyuma yake kuna Mzee Raman, themanini na tisa, ila huyo ni mwanamume, tena Mhindi, sijui kama mama yako atamkubali kuwa mkwe." Alipangusa kisu. "Hapa, dada, tunakosa vingi. Wazee hatukosi."

Saw Gaik alicheka hadi shingo ikamuuma. Halafu akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari: je, si vibaya kumwacha mtu aamini uongo?

"Nani amemwambia uongo?" Sista alisema. "Mimi sijamwambia chochote. Yeye ndiye aliyekuja na mama mkwe wake."

Mchana ule palikuwa na kuku wa mvuke. Saw Gaik alipoona sahani ikiwekwa mezani, alisogea karibu aone, maana kuku alikuwa na historia katika nyumba yao. Bibi yake ndiye aliyemgawa, kwa vijiti vyake mwenyewe. Mapaja yalikwenda kwa wana wa kiume, mabawa kwa wajukuu, na sahani ilipofika mwisho wa meza ilikuwa na shingo na mgongo. Mama alikula shingo na mgongo miaka yote ile. Alipopata nyumba yake mwenyewe aliendelea kujichagulia shingo, na Saw Gaik alikua akidhani ndiyo anayoipenda.

Mama aliita. Bibi Gek Eng akatia tonge. Mama akakaa kwenye kiti chake cha mwisho na kunyoosha vijiti moja kwa moja hadi kwenye shingo. Bibi Gek Eng alimwona. Labda alimwona binti yake, labda mtumishi wa zamani, labda alimwona tu mwanamke aliyekonda kupita kiasi. Aliokota paja. Vijiti vilitetemeka, paja likaning'inia juu ya mchuzi, na meza nzima ikatulia kulisubiri. Akaliweka katika bakuli la mama.

Mama alishtuka. Alilinyanyua haraka alirudishe, akitazama kulia na kushoto kuona nani ameona kosa lile.

"Kula," alisema Bibi Gek Eng kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Umekonda. Nani kakwambia ule mifupa?"

Mama alikaa nalo muda mrefu. Kisha akaanza kulila, polepole, upande mmoja na kugeuza, mpaka mfupa ukawa mweupe. Saw Gaik alichukua daftari lakini hakuandika kitu. Lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa swali la thelathini na moja, naye akaliacha wazi juu ya magoti.

Wazee wengine walipokwisha kuondoka, mama alimvuta shati. Midomo yake iling'aa mafuta, na macho yalikuwa ya msichana mwenye siri.

"Dada, umeona? Amenipa paja."

"Nimeona."

"Utapita kwetu wakati wa kurudi?"

Saw Gaik alijua kwamba hapo kwao, nyumba aliyotoka mama siku ya kuolewa, palibomolewa zamani na sasa kuna maegesho ya magari. "Nitapita," alisema.

"Basi mwambie mama yangu asilie tena. Mwambie huku wananipenda."