Kikombe cha Tisa

Kipimo changu ni hiki, na sijakibadilisha kwa miaka thelathini na moja: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Vijiko vyenyewe ni vya kufuta juu kwa kisu, si vya kujaza kilima. Nikipata limau nakamua, nisipopata basi. Nachanganya kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, naonja mwenyewe kwanza, na nikiona chumvi imezidi ile ya machozi, namwaga naanza upya.

Mji wetu una matembezi ya kilomita hamsini kila mwaka. Njia ni duara moja linalozungukwa mara mbili. Unatoka uwanja wa shule ya msingi, unapita mtaa wa mafundi, unapanda kilima mpaka kwenye kiwanda cha chokaa kilichofungwa zamani, kisha unashuka upande wa pili na kurudi shuleni. Meza yangu inakaa darasa la tatu, chini ya dirisha, kwenye madawati mawili yaliyounganishwa na kutandikwa kitambaa cha plastiki. Watembeaji wananiita Bibi Chumvi.

"Bibi Chumvi, hii si dawa ya kuharisha?" huwa wananiuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo," nawajibu. "Jasho nalo ni kuharisha, ila limetokea mlango mwingine."

Wanacheka, wanakunywa.

Mwaka jana mjukuu wangu alijiandikisha. Ni binti wa mwanangu wa pili, kazi yake kutoa fotokopi, anashinda kwenye stuli kutwa nzima. Alijifua miezi minne kwa siri, na siku aliyoniambia alikuwa tayari ameshanunua viatu. Asubuhi ya matembezi muuguzi alimpandisha kwenye mizani pale mlangoni pa darasa, kama anavyowapandisha wote. Kilo hamsini na nne. Nilimjazia chupa yake ya lita moja mchanganyiko wangu, nikaifunga mwenyewe.

"Umalize hii kabla hujarudi hapa, mke mwenzangu," nikamwambia.

"Bibi, wewe na chumvi yako utanipandisha presha."

"Presha itakupanda wewe usipokunywa. Haya nenda."

Walianza saa kumi na mbili. Saa nne na nusu aliingia darasani akiwa wa kumi na kitu, anacheka, lakini alikuwa anakanyaga kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Niliangalia chupa. Ilikuwa imejaa vile vile.

"Hukunywa?"

"Nimekunywa sana, Bibi. Si kuna yule kaka pale kiwanda cha chokaa anagawa maji? Baridi hayo, kama yametoka kwenye friji. Kila nikimaliza ananiongezea. Nimekunywa mpaka tumbo linacheza."

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akainama kusoma, akamwambia ashuke apande tena. Hamsini na tano na nusu.

"Wewe," muuguzi akasema, "umetembea kilomita ishirini na tano juani umenenepa? Hebu nione vidole." Vilikuwa vimevimba kidogo, ngozi imevutika kwenye maungio. "Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu. Na viatu vimebana. Yule kaka aliniona, akainama akanilegezea kamba. Kasema viatu vyangu vimepungua."

Nikaangalia chini. Kamba zilikuwa zimefungwa vitanzi viwili, na ncha zake zimechomekwa ndani ya kiatu, pembeni ya kifundo, ili zisikanyagwe. Watu hawafungi hivyo. Nimewahi kumjua mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, na mimi ndiye niliyemfungua, akiwa amelala.

Nilishika ukingo wa dawati. Muuguzi alidhani ni joto.

Nieleze, maana bila hili mengine hayashikiki. Miaka thelathini na moja nyuma, meza yangu haikuwa shuleni. Ilikuwa kule juu, kwenye chumba cha mizani cha kiwanda, pale walipokuwa wanapimia magunia ya chokaa. Nilikuwa na mtungi wa udongo, maji ya kisima na kikombe kimoja cha bati chenye ukingo wa buluu. Sikuwa na chumvi, sikuwa na sukari. Nani alijua? Tulijua mtu mwenye kiu anapewa maji, na akinywa mengi ndiyo heri zaidi. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi viatu, kijana mpole, kibanda chake mlango wa tatu kutoka kwa mama mkwe wangu. Alikuja kwenye matembezi na viatu alivyovishona mwenyewe. Alipofika kwangu nilimmiminia. Akanywa, nikamwongezea. Nilikuwa namwambia, "Kunywa mwanangu, hujui kiu itakukuta wapi." Vikombe tisa alikunywa kwangu, achilia mbali vya meza nyingine. Alianza kulegeza kamba za viatu, huku akijicheka: "Mama, leo viatu vimepungua. Nitamrudishia nani, na fundi ni mimi?" Kisha akashika kichwa. Kisha akaanza kuniuliza maswali ya mtu aliyepotea, kama hapa ni wapi, na mimi ni nani. Kabla ya saa tisa alikuwa amelala kwenye jukwaa la mizani, na hakuamka.

Daktari ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa upole. Jasho lilitoka na chumvi yake, mimi nikarudisha maji matupu, na damu ikawa nyepesi mno. Ubongo ukavimba. Hakusema nimemuua. Wala mtu mwingine hakusema. Waliihamisha tu meza, wakaileta shuleni, na mimi nikajifunza kipimo.

Kwa hiyo nilimuuliza mjukuu wangu, taratibu, "Huyo kaka anasemaje akikupa?"

"Anasema, kunywa mwanangu, hujui kiu itakukuta wapi. Nikacheka, maana tunalingana umri."

Nilimwomba aache. Nilimwambia kilomita ishirini na tano ni heshima ya kutosha. Muuguzi alimnyima maji, akampa mayai ya kuchemsha na chumvi, akamkalisha kivulini. Ndani ya saa moja alikwenda chooni mara mbili, uzito ukarudi hamsini na nne, kichwa kikatulia. Muuguzi akamruhusu.

"Akinywa cha kwako tu, na kwa kiasi, hana neno," akaniambia. "Ila asipokee maji mengine."

"Usikie," nikamwambia mjukuu. "Pale juu usipokee."

Akazungusha mfuniko wa chupa. "Bibi, nilijaribu kumkatalia. Moyoni nasema sitaki, lakini mkono unapokea wenyewe."

"Basi rudi nyumbani."

"Nimejifua miezi minne," akasema, na akaondoka. Ana kichwa kigumu kama babu yake.

Nilimwachia muuguzi ndoo, nikamwonyesha kijiko na kisu cha kufutia. Nikajaza jagi la lita mbili, nikalifunika na kitambaa. Nyuma ya shule kuna njia ya mkato kupanda kiwandani, nusu saa kwa miguu niliyokuwa nayo zamani, saa moja na zaidi kwa hii ya sasa. Sikuwa nimeipita tangu mwaka ule.

Nilifika jua likiwa utosini. Mahali pale pote ni peupe. Chokaa imelala kwenye majani, kwenye mabati, kwenye nyaya za uzio, na mwanga unarudi kutoka chini hadi unakuumiza macho. Hapakuwa na ndege. Matanuru yalikuwa yameporomoka, lakini chumba cha mizani kilikuwa kimesimama, mlango haupo, dirisha moja. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Kilikuwa kimelowa kwa nje, kama kinavyolowa chombo chenye maji baridi siku ya joto. Nikakishika. Kilikuwa kikavu ndani, na baridi yake ilinipanda mpaka kwenye kiwiko.

Niliingia nacho. Jukwaa la mizani lilikuwa pale pale sakafuni, bamba la chuma, na ukutani ile saa kubwa ya kilo yenye mshale mmoja, kioo kimevunjika nusu. Kutu ilikuwa imeula mhimili. Jukwaa lilikuwa tupu. Mshale ulikuwa kwenye themanini na mbili.

Fundi viatu alikuwa mtu mwembamba. Siku zake za kawaida hakuzidi sabini.

"Shikamoo ni yangu leo," nikasema, ingawa nilikuwa mkubwa kwake hata wakati ule. Sikujua la kusema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimechelewa sana. Nimekuletea kinywaji chenyewe, kile nilichopaswa kukupa."

Nikamimina. Nikaweka kikombe katikati ya bamba, nikageuka kutazama ukuta, maana hata mtu hai hapendi kutazamwa akinywa kwa pupa. Nilisikia koo. Glu, glu, glu, karibu kabisa na bega langu. Nilipogeuka kikombe kilikuwa kitupu, na mshale ulikuwa umeshuka.

Nikamimina cha pili. Ukashuka tena. Cha tatu, cha nne. Kila kikombe mshale ulilia kwenye kutu yake na kurudi nyuma. Nilikuwa naongea huku nikimimina, sijui kwa nini. Nilimwambia kibanda chake sasa ni duka la simu, kwamba mama yake alizikwa vizuri, na kwamba msichana anayempa maji ni mjukuu wangu, wa damu yangu, na hakumfanyia kosa lolote. Cha saba, cha nane. Jagi likaisha.

Mshale ulikuwa umesimama karibu na sifuri, haukuifikia. Palikuwa pamebaki unywele mmoja, uzito wa jozi moja ya viatu.

Nikasubiri. Haukusogea. Nje nikasikia chokaa na changarawe vikisagwa na miguu inayokuja, miguu ninayoijua. Kikombe kikaanza kulowa kwa nje. Nikakiangalia, na ndani yake maji yalikuwa yanapanda, meupe, matupu, yanapanda yenyewe kuelekea ukingoni.

"Bibi?" Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, uso mwekundu kwa joto, chupa mkononi. "Umefikaje huku? Yuko wapi yule kaka?" Na mkono wake wa kushoto ukaanza kunyooka kuelekea kile kikombe, taratibu, kama mkono wa mtu aliyelala. Alikuwa anautazama mwenyewe, amekunja uso.

Nikawahi kukichukua, nikamwaga yale maji mlangoni. Chokaa ikayanywa.

"Fungua chupa yako," nikamwambia. "Imebaki kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu. Nilikuwa nakunywa kidogo kidogo, kama alivyosema muuguzi."

"Mimina hapa kikombe kimoja. Umpe wewe kwa mkono wako. Mwambie bibi yangu ameniambia nikupe."

Angeweza kubisha. Ni mtu wa kubisha. Lakini alinitazama usoni, akamimina, akapiga magoti, akaweka kikombe kwenye bamba.

"Bibi yangu ameniambia nikupe," akasema. "Kina chumvi kidogo, usishtuke."

Hatukugeuka safari hii, tulisahau. Kile kinywaji kilishuka ndani ya kikombe bila mtu kukigusa, polepole, na kilipoisha mshale uligonga sifuri kwa mlio mdogo wa chuma. Kisha bamba likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu akishuka.

Mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mkono umekuwa wangu."

"Kunywa kilichobaki," nikamwambia. Akanywa chote mbele yangu, anakunja uso, na mimi nikahesabu mafunda.

Alimaliza saa kumi kasorobo. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akasoma hamsini na tatu na nusu, akamwambia ndiyo uzito wa mtu aliyetoka juani. Nikakaa sakafuni kumvua viatu, kwa kuwa hakuweza kuinama. Kamba zilikuwa zimekazwa, vitanzi viwili, ncha ndani.

"Umezifunga tena?"

"Mimi? Tangu nilipotoka kule sijazigusa," akasema. "Ila viatu havijanibana tena, Bibi. Vimenikaa kama vimeshonwa kwa ajili yangu."

Sikuzifungua. Nilivivuta viatu vikatoka vivyo hivyo na mafundo yake, nikaviweka chini ya dawati, karibu na ndoo.