Mkaguzi Alikuwa Ukucha Wangu

Kwa heshima na taadhima, naomba umma usimame. Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto yenye manufaa kwa taifa zima. Niliota niko paredi, nimevaa taulo.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya ukaguzi wa kucha. Mwalimu wa zamu hakuwepo. Mkaguzi alikuwa ukucha wa dole gumba langu, umevaa buti, mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

"Leo tunakagua wanafunzi," ukatangaza. "Kucha, nyoosheni watu wenu!"

Kucha zote za shule zikanyoosha watu wao.

Sikuwa na wasiwasi. Kucha za madole gumba yangu zina matuta kama bati la paa, nami nilishawatangazia wenzangu bwenini kwamba hiyo ni alama ya ukoo wa mashujaa. Waliamini. Nilipoona wanaamini, nikamgeukia rafiki yangu Mbwilo, golikipa wetu, ambaye kila ukucha wake una mfereji uliokatiza kutoka upande hadi upande. Nikamwambia kwa sauti ya daktari kwamba mwenye mfereji huo hafiki likizo. Mbwilo akapanga nguo kwenye tranka. Leo asubuhi alikuwa aombe ruhusa, arudi Makambako akafie kwao.

"Wewe shujaa," ukucha ukaniita, "panda huku."

Napanda. Paredi haipo tena. Natembea juu ya ukucha wangu mwenyewe, matuta yananifika magotini. Kwenye ngozi ya mzizini pamechimbuka.

"Nani kachimba hapa?" nauliza kwa uchungu wa mwenye mali.

"Wewe. Kila ukidanganya, kidole cha jirani kinakuja kutukwangua. Tungetokaje tambarare? Tufunge plasta utuache tupone, matuta yatakwisha."

"Na ukoo wa mashujaa?"

"Hatuna taarifa."

Ghafla niko kwenye shamba la viazi la bibi yangu, matuta membamba yamenyooka toka mzizini hadi nchani. Kumbe ni ukucha wa bibi, nao unamenya viazi.

"Shikamoo. Mistari hii ni ugonjwa?"

"Marahaba. Ni umri, mjukuu wangu. Uso unakunjamana, sisi tubaki vigoli? Haidhuru kitu. Ukucha ukibadilika rangi au ukianza kupasuka, hapo nenda hospitali. Haya, unanizibia mwanga."

Narudi nyuma kwa adabu na kutumbukia kwenye mfereji. Humo zimejipanga kucha za Mbwilo, zimevaa glavu za golikipa.

"Poleni na msiba," nasema.

"Msiba gani? Likizo iliyopita huyu alishikwa na homa kali. Mwili ukatuamuru tusimamishe kazi, nguvu zote ziende vitani. Tukasimama. Mfereji huu ndio zile siku. Homa ikashindwa, tukaanza tena. Geuka uone."

Nageuka. Kuelekea mzizini ni laini kama sakafu iliyopigwa deki.

"Mfereji unasogea mbele tunavyokua. Ukifika nchani, unakatwa na mkasi. Kwa sasa uacheni. Hii ni medali, bwana mdogo."

Nikapiga saluti kwa mikono yote miwili. Taulo likaanguka.

"Basi mwambieni mwenyewe, anaondoka!"

"Sisi hatuna mdomo. Wewe unao, tena mkubwa."

Niliona si adabu kuzikumbusha kwamba zinaongea. Nikapaza sauti, nikaamka.

Mbwilo alikuwa kando ya kitanda changu, tranka mkononi.

"Ngalomba, homa umeijuaje?"

"Homa ipi?"

"Ya likizo. Umepiga kelele usingizini kwamba niliishinda homa na kucha zikasimamisha kazi. Mimi sijamwambia mtu yeyote shule hii kwamba nililazwa."

Nikavuta shuka hadi puani.

"Halafu ukasema habari ya kufa umeitunga."

"Ndotoni mtu husema mengi."

"Ngalomba."

Bweni zima lilikuwa limeinua vichwa. Nikasimama juu ya kitanda.

"Nilidanganya," nikasema. "Hafi mtu. Huyu alipigana na homa akaibwaga, na alama anazo vidoleni. Mimi zangu ni za kujikwangua tu. Nisamehe, Mbwilo."

Mbwilo akatua tranka. Akanyoosha vidole vyote mbele ya bweni, kifua mbele, kama anayesubiri penalti.

"Nitafikiria," akasema. "Kwanza waache watazame."