Hodi za Nunu

Msimsingizie Nunu kuwa hana sauti. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri, ila ilikuwa haipendi kutoka nje. Ikifika kwenye meno hurudi ndani kama kuku aliyeona mvua. Skuli, mwalimu akiita majina, Nunu aliitika "Naam" mara ya kwanza, akaitika mara ya pili, akaitika mara ya tatu, na mwalimu akaandika kwamba hayupo. Muhula mmoja mama yake aliitwa aje aeleze kwa nini binti yake ni mtoro, na huyo mtoro mwenyewe kakaa pale pale dawati la dirishani, kidato cha tatu, hajakosa hata siku moja.

Lakini kichwani mwake! Kichwani mwake Nunu alikuwa mtu mwengine kabisa. Alizipenda katuni za Kijapani, zile za wasichana wa skuli wenye macho makubwa kama visahani, na alizitazama kwenye simu ya dada yake Zeyana mpaka akawa anaishi humo. Mwalimu akifundisha hesabu, upepo ulikuwa unaingia dirishani umebeba maua ya asumini, maua yakielea juu ya madawati polepole, darasa zima likinyamaza, na Nunu anapita katikati na nywele zinapepea, ingawa nywele zenyewe zilikuwa ndani ya mtandio. Mwisho wa safari hiyo Rawiya, msichana aliyekaa dawati la mbele yake, aligeuka akamtazama. Basi. Hapo ndoto ilikatika kila siku, kwa sababu Nunu hakujua watu wakishatazamana hufanya nini.

Rawiya alikuwa jirani yao, akikaa na bibi yake, Bi Nadra, kichochoro cha pili. Miaka mitatu Nunu alikuwa anakitazama kisogo cha Rawiya, na miaka mitatu Rawiya hakugeuka hata kuazima rula. Anajidai, Nunu alijiambia. Mtu akikukataa bila kukwambia, inauma zaidi.

Sasa Zeyana akachumbiwa, na shughuli ya kupambwa kwake ikawekwa Jumamosi baada ya alasiri. Mama yao, Bi Mwanakheri, hakulala kwa hamu. Alikuwa amehamia Kiponda kutoka Ng'ambo miaka sita nyuma, mjane na watoto wawili, na tangu siku hiyo hakukosa harusi ya mtu wala maziko. Amepika kwenye masufuria ya watu, ameosha vyombo vya watu, ameliliana na watu.

"Jumamosi," alisema, "ndiyo nitajua kama mimi ni mtu wa mtaa huu au mpangaji tu."

Na mtaani kwetu, mjue, asiyealikwa haendi. Hata kama ukuta ni mmoja, hata kama harufu ya biriani inamwingilia mpaka ndani ya chandarua, hakualikwa, haendi, na hatasahau mpaka anaingia kaburini. Wala usimpelekee ujumbe wa simu. Mtu mzima anaalikwa kwa mdomo, mlangoni pake. Mwalikaji wa mtaa alikuwa Bi Sichana, mwenye mdomo wa kuamsha maiti, lakini wiki ile aliteleza ngazini, mguu ukavimba kama fenesi.

"Utakwenda wewe, Nunu," mama akasema. "Nyumba kumi na moja tu. Useme: Mama anakusalimu sana, anakwambia Jumamosi baada ya alasiri anampamba Zeyana, usikose."

Jumatano Nunu akatoka. Vichochoro vilikuwa na kivuli kizuri, na kila alipokanyaga, mawe yalilainika kama mto wa sufi. Aliruka kidogo juu ya ardhi. Paka aliyelala barazani kwa Bi Maryam alifumbua jicho moja akamwambia: shujaa, ndio umefika? Nunu akasimama pembeni ya mlango, kama adabu inavyotaka, macho chini, akapiga hodi.

Hodi ile hata paka hakuisikia. Milango ya Kiponda ni mbao nene, imepigwa misumari ya shaba. Kuna watu wamebisha hapo kwa magongo wasisikike. Nunu akapiga ya pili, laini zaidi. Akapiga ya tatu, ambayo ilikuwa pumzi tu. Na dini imesema: hodi ni tatu, usipoitikiwa, rudi. Akarudi na moyo mweupe. Akafanya hivyo nyumba zote kumi na moja, kwa muda usiotosha kuchemsha yai, na moyoni muziki unapigwa na maandishi yanapita chini: *Msichana ametimiza wajibu wake*.

"Umewaalika?" mama akauliza.

"Nshapita nyumba zote."

Si uongo, alipita. Lakini usiku wa Alkhamisi alizihesabu nyumba kwa vidole, akaona hakuna hata moja iliyomsikia. Kesho ntarudi, akajiambia. Ijumaa alirudi kweli, mara nne, ila kitandani, amevaa joho refu jekundu, na milango yote ikijifungua yenyewe. Ndoto tamu ni mkopeshaji mbaya.

Jumamosi ikafika. Jamaa wa Bububu na Mpendae, ambao mama aliwaalika mwenyewe, walikuja mapema wakajaza pembe moja ya ukumbi. Pembe tatu zilikuwa mikeka mitupu. Udi ulifuka, Zeyana alipambwa akapambika, sahani za haluwa zilipangwa. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Mtaani, kimya. Hakuna hata mtoto aliyechungulia.

Mama alitabasamu mpaka tabasamu likamchosha, akaingia jikoni. Nunu akamfuata, akamkuta amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na nguo yake mpya ya hariri, analia bila sauti.

"Wamenisusa, Nunu. Miaka sita. Nimewafanyia nini watu hawa?"

Nunu aliyangoja maua. Kila jambo likimzidi, maua huja. Safari hii halikuja hata moja. Palikuwa na jiko, na moshi, na mama yake analia kwa kosa la mtu mwengine.

"Mama, hawakukususa. Hawakualikwa. Nlipiga hodi hawakusikia."

"Nyumba gani?"

"Zote."

Nunu alikwisha kujitayarishia kibao, hata shavu alilielekeza. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nenda," akasema. "Nenda ukanisitiri, mwanangu."

Nunu alitoka mbio na kiatu kimoja kimekanyagwa kisigino. Alifika kwa Bi Maryam, akaubamiza mlango kwa ngumi mbili, na kile kilichokaa kifuani mwake tangu chuo cha Kurani kikamtoka:

"HODI!"

Njiwa waliruka juu ya paa. Paka alianguka barazani. Na mlango ukafunguka pale pale, upesi mno, kama kwamba mtu alikuwa ameegemea upande wa pili. Alikuwa ni Bi Maryam mwenyewe, dhahabu shingoni, hina mikononi, kikuba cha asumini kifuani, mkoba kwapani.

"Shikamoo, Bi Maryam."

"Marahaba. Leo ndiyo unaalika?"

"Kosa langu mimi, si la mama. Nlikuja Jumatano nkapiga hodi kwa kuogopa. Mama anakusalimu sana, anampamba Zeyana, anakwambia usikose, na analia."

"Analia! Na mimi je? Nimevaa tokea saa nane! Nimeapa siendi, siendi, na nguo nimevaa!" Bi Maryam akageukia dirisha la jirani. "Bi Ubwa! Tumealikwa!"

Bi Ubwa alikwisha kuwa ngazini, amevaa. Nyumba ya tatu wamevaa. Ya nne wamevaa, mama na mabinti, wamejipanga kwenye kochi kama wanaongoja daktari. Ya tano walikuwa wananuniana kwa sababu mmoja alichungulia dirishani mara nyingi akawatia aibu. Ya sita, ya saba, ya nane, kila mlango ulipofunguka Nunu alipigwa na harufu ya udi na marashi, na nyuso zilizopakwa wanja ambazo tangu adhuhuri zilikuwa zinasikiliza kama kuna mtu atabisha. Mtaa mzima! Watu wazima, wenye wajukuu, wamekaa nyuma ya milango yao, mkoba magotini, wanangoja kuitwa. Loo, kumbe! Nunu alidhani duniani hali hiyo ni yake peke yake. Alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtiririka huku anabisha mlango wa tisa, na hakuona haya.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Bi Nadra. Bi Nadra alitoka kabla maneno hayajesha, gongo mkononi, akashika njia kwa mwendo usiolingana na umri wake. Nyuma yake, kwenye ngazi ya ndani, alibaki Rawiya, kavaa gauni la kijani, miguu mitupu.

"Wewe huji?" Nunu akauliza.

"Sijaalikwa."

"Bibi yako nshamwalika."

"Ndiyo. Mama yako anamsalimu bibi yangu. Mimi nani kaniita?"

Jamani. Maneno ya mama yalikuwa yamekwisha, na miaka mitatu ya hotuba alizomtungia Rawiya ikatoweka kama moshi. Nunu alibaki na ulimi wake mwenyewe, ambao hajawahi kuutumia kwa kazi kama hii. Akashika mwimo wa mlango.

"Mimi," akasema. "Mama hakunituma kwako. Mimi nnakualika. Nnataka tukae pamoja."

Alisema kwa nguvu mno. Sauti ilikuwa bado haijui kipimo. Juu dirishani mtu akasema, "Ebo, mwitikie mtoto wa watu!"

Rawiya alikuwa ameinamisha kichwa, anavitazama vidole vyake vya miguu.

"Mwaka wa tatu nakaa mbele yako," akasema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko hata ile ya Nunu ya darasani. "Hujanigusa hata bega. Nkajua hunitaki." Kisha akainua kichwa. "Ningoje nivae viatu."

Akapanda juu. Kutoka kwao Nunu vikasikika vigelegele vya kwanza, vya Bi Maryam, halafu vya mtaa, na katikati yake kicheko cha mama yake. Bi Nadra, aliyekwisha kufika pembeni mwa kichochoro, akageuka.

"We Nunu! Twende, shughuli inatupita!"

"Tangulia, bibi," Nunu akaitika. "Nnamngoja mwenzangu."

Na Bi Nadra, mwenye masikio mazito, akamsikia, akaendelea na njia.