Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Mama yetu alikuwa na tabia moja: ukimpelekea kitambaa ulichodarizi, anakigeuza kwanza. Mbele haangalii. Anaangalia nyuma, kule nyuzi zinakovuka na mafundo yanakojificha, halafu kukiwa safi anakurudishia kimyakimya, kukiwa ovyo anakuchapa nacho begani. Tulikuwa mabinti wawili tu, mimi Eveline na mdogo wangu Matilda, na begani tulichapwa sana.

Matilda ni wa mkono wa kushoto. Mama alihangaika naye weee, hata akaufunga huo mkono na kitenge ili ajifunze wa kulia, haikusaidia. Mwisho akamwacha. Ndiyo maana mishono ya Matilda hulala kushoto na ya kwangu hulala kulia, na ukiniwekea vitambaa mia vya watu mia, cha Matilda nakitoa bila kuvaa miwani.

Naeleza haya ili ueleweke upuuzi nilioufanya mwaka huu, mimi muuza nyanya wa Ilula, mtu ambaye jua likizama mgongo haunyooki. Mwezi wa tano jirani alinionyesha kundi la WhatsApp linaitwa Sindano na Uzi, la akina mama wa makanisa ya Iringa na Mbeya. Kiongozi ni Mwalimu Bupe, mstaafu wa Tukuyu, mwanamke mwenye utaratibu wa kijeshi. Kila Jumapili anatoa mchoro, na ikifika Jumamosi jioni uwe umetuma picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Wiki nane. Ukikosa moja, umetoka. Watakaobaki wanakwenda kambini Matamba siku tatu, wanalala kwenye mahema, na vitambaa vyao vinaunganishwa kuwa kitambaa kimoja kikubwa. Nikamwambia jirani mimi sina muda wa mambo ya kitoto. Huku nasema hivyo kidole kinapitia picha za wiki ya kwanza za waliowahi kutuma, nikaona nyuzi zimelala kushoto.

Chini yake imeandikwa: Matilda, Chimala.

Nilikuwa sijaongea na mdogo wangu miaka minne. Siyo yeye aliyekosa, ni mimi. Aliolewa na Msukuma, Masunga, wale waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe zao, na mimi sikumpenda huyo shemeji kwa sababu tu alimpeleka mdogo wangu mbali. Mama alipofariki, Masunga alikuja na dume zima la ng'ombe juu ya lori la Fuso, kutoka Usangu mpaka Ilula, kwa ajili ya msiba. Mimi nikasimama mbele ya watu nikasema, "Shemeji, mrudishe ng'ombe wako. Mama yetu hakuzoea kula vya watu wa kuhamahama wanaonuka zizi." Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa msibani, maana kwenye misiba yetu watani wanatukanana mpaka marehemu anaonewa wivu. Nami nikajifanya ni utani. Haukuwa utani. Matilda alinitazama usoni, akajua. Hawakungoja hata matanga yaishe, wakampakia dume wao wakaondoka.

Nilipiga simu mara tatu mwaka wa kwanza. Haikupokelewa, na mimi kiburi changu kinajulikana, nikaacha. Lakini nilimkumbuka, jamani. Nilimkumbuka nikiwa nachagua nyanya, nikiwa kanisani, nikiwa nakula. Kuna siku basi la Mbeya lilisimama hapo kwetu, nikamwona mwanamke dirishani ana shingo kama ya Matilda, nikaacha wateja nikakimbia na ndoo ya nyanya hadi dirishani. Hakuwa yeye. Aliinunua ndoo nzima kwa kunionea huruma.

Basi nikajiunga. Wiki ya kwanza ilikuwa ua la alizeti, nikalimaliza Jumamosi saa kumi na moja na nusu. Kwenye kundi Matilda hakuniandikia neno, wala mimi sikumwandikia. Ila kila Jumamosi nilikuwa naingoja picha yake kuliko nilivyowahi kungoja barua za uchumba. Nikiipata, naivuta iwe kubwa, natazama upande wa nyuma. Safi. Hakuna fundo. Mama angeridhika. Wiki ya tatu, ya kuku na vifaranga, alimtia kuku jicho moja la hasira, na mimi nikacheka peke yangu kibandani kwa sababu yule kuku tulikuwa naye utotoni.

Wiki ya nne Mwalimu Bupe akatoa orodha ya kambi. Watu wawiliwawili, amewapanga kwa majina ya ukoo kama darasani. Hema namba nne: Eveline Kalinga na Matilda Kalinga.

Nililisoma lile jina langu na lake pamoja mara sijui ngapi. Kisha nikaanza kungoja aombe kubadilishiwa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Ya tatu akaandika, "Nimeona, mwalimu." Basi. Nami kwa kiherehere nikaandika papo hapo, "Hema namba nne naleta mimi."

Hema lenyewe sikuwa nalo, wala sijawahi kulala ndani ya hema maisha yangu yote. Nikapanda gari hadi Iringa mjini, nikapekua mitumba mpaka nikapata moja la kijani, la watu wawili, halina vigingi. Mume wangu Saulo alinichongea vigingi vya mkaratusi huku anacheka kimoyomoyo. Tukalijaribu nyuma ya nyumba, katikati ya matenga ya nyanya, likasimama upande mmoja, upande mwingine likalala.

"Mama Happy," Saulo akasema, "nyumba ya bati umeichoka?"

"Nyamaza, shika kamba hiyo."

Wiki zile sikuwa mtu. Asubuhi nauza nyanya, fremu ya kudarizia iko mapajani, gari likisimama naitupa nakimbilia dirishani. Mchana natafuta blanketi, tochi, sufuria ndogo, maana Matamba mwezi wa saba baridi yake inauma mifupa. Wiki ya tano nilidondoshea kitambaa maji ya nyanya, ikabidi nifue na nirudie njiwa mzima kuanzia mkia. Saulo akaniuliza kwa nini najitesa hivi na sijawahi kupenda hata kwenda pikiniki. Nikamwambia ukweli: nataka nilale hema moja na mdogo wangu, nimwambie nilikosa, hata kama atanigeuzia kisogo. Nikaweka kwenye begi na ile fremu ya mti ya mama, ambayo niliichukua msibani bila kumuuliza Matilda. Nilitaka nimpe.

Halafu ikaja wiki ya sita.

Picha yake ilifika kwa kuchelewa, Jumamosi karibu na magharibi. Mchoro ni kikapu cha matunda. Mbele kilikuwa kinapendeza kiasi, kimekunjamana kidogo. Nikageukia picha ya nyuma kama kawaida yangu, nikaona mafundo. Nyuzi zimevukana ovyo. Na mishono yote, yote, imelala kulia.

Nikajiambia hiki hakudarizi Matilda. Amempa mtu, amechoka, haoni haja ya kujisumbua kwa ajili ya kambi ambako atalala na mimi. Angalau angesema, kuliko kunidanganya hivi nikiwa nimechongesha vigingi. Hapo sikufikiri tena. Mdomo wangu ni ule ule wa msibani, umehamia kwenye vidole tu. Nikaandika kwenye kundi, mbele ya wanawake arobaini na wawili: "Mwalimu, hicho kitambaa cha Chimala hajadarizi mwenyewe. Namjua, mishono yake hulala kushoto." Nikautuma.

Dakika kumi hivi nikakaa natazama simu. Ndipo hasira ikashuka, nikaona nilichofanya, nikaufuta ujumbe. Lakini alama zilikuwa tayari zimekuwa za bluu, wote wameshausoma. Nililia pale kibandani, na mwanamke wa jirani akanipa maji bila kuuliza.

Mwalimu Bupe aliniandikia pembeni kwamba kanuni haisemi lolote kuhusu mishono kulala. Wiki ya saba Matilda akatuma tena. Mishono imelala kulia, mibaya kuliko ya kwanza. Ya nane tulitakiwa kuileta wenyewe kambini. Nilingoja aombe kubadilishiwa hema, na safari hii nilijua ana haki. Hakuomba.

Tulifika Matamba Ijumaa mchana, tukitokea Chimala kwa zile kona hamsini na saba za kupandia mlima, mimi nimekumbatia hema mapajani. Nilipopita Chimala nilichungulia kila uso kituoni. Kule juu ni nyasi na upepo tu. Nikasimamisha hema namba nne peke yangu, likakubali pande zote mbili, nikatandika blanketi mbili sambamba. Nikaketi mlangoni.

Saa tisa akaja binti mrefu, ana mkoba wa Matilda begani. Nilimjua kwa mwendo kabla hajasema. Ni Sayi, mtoto wa Matilda. Mara ya mwisho kumwona alikuwa kidato cha kwanza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

Akapiga magoti, akatoa kitambaa kwenye mkoba. "Mama hawezi kupanda gari. Wiki ya tano ilipoisha alipooza upande wa kushoto. Mkono na mguu. Alitukataza kusema kwenye kundi, hataki huruma."

Sayi akaendelea taratibu. "Cha sita na cha saba kadarizi mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa natunga uzi tu, na kitambaa anakibana kwa magoti. Nilimwambia aache, akasema akikosa wiki moja atatolewa kwenye hema. Hiki cha nane kimemshinda, kimefika nusu."

"Aliona nilichoandika?"

"Alikiona kabla hujafuta."

"Akasemaje?"

"Alicheka, mama mkubwa. Alikuwa hajacheka tangu augue. Akasema, wanawake arobaini wote wameangalia, aliyeona ni dada peke yake."

Nikalia mpaka Sayi naye akalia. Nilipomaliza nikang'oa vigingi. Mwalimu Bupe alikuja na daftari lake, akanikumbusha kwamba kesho asubuhi vitambaa vinaunganishwa na asiyekuwepo hahesabiwi. Nikamwambia ajue hema namba nne limehama. Alinitazama, akatazama Sayi, akafunga daftari, akatutafutia pikapu ya viazi iliyokuwa inateremka.

Kwa Masunga ni mbele kidogo ya Chimala, ukiingia upande wa mashamba ya mpunga. Tulifika jua bado lipo. Yeye mwenyewe alikuwa anaingiza ng'ombe zizini. Alinyoosha mgongo aliponiona, na mimi na hema langu kichwani sikujua niweke wapi macho.

"Karibu, shemeji," akasema, akanipokea mzigo. Hakuongeza lolote, na hilo liliniuma zaidi ya matusi.

Matilda alikuwa amekalishwa kwenye kiti nje ya mlango, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Amekonda. Mdomo umevutika kidogo upande mmoja. Alinitazama usoni vile vile alivyonitazama msibani, nikasimama hapo hapo uwanjani, mbele ya mume wake na watoto wake na jirani mmoja aliyekuja kuchota maji, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia.

"Matilda, ule haukuwa utani. Nilimtukana mume wako kwa makusudi, nikakutukana na wewe. Nimekosa. Shemeji, nimekosa."

Masunga akasafisha koo, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Matilda alichukua muda kuyapanga maneno mdomoni. "Hema umeleta?"

"Nimeleta."

"Lisimamishe pale." Akaonyesha kwa mkono wa kulia, jirani kabisa na zizi, mahali ambapo harufu inakushika kooni. "Unasikia harufu, dada?"

"Naisikia."

"Haya. Ndipo tutakapolala."

Nikagonga vigingi vya Saulo kwenye samadi kavu, na Sayi akashika kamba. Kisha tukamkokota Matilda hadi mlangoni mwa hema, tukamwegemeza kwenye gunia la pumba. Nikatoa fremu ya mama. Aliijua, akaipapasa pembeni pale palipomomonyoka, asiniulize ilikuwa wapi miaka yote minne. Nikabana kile kitambaa cha nane, nikatunga uzi, nikaishika fremu mbele yake ili isitikisike.

Yeye akachoma sindano kutoka juu. Mimi nikaipokea chini, nikaivuta, nikairudisha juu. Akaipokea. Mara ya kwanza nilimchoma kidole, akanitukana kwa Kihehe. Tuliendelea hivyo, mbele ya kitambaa ikiwa yake na nyuma ikiwa yangu, mpaka tukashindwa kuona uzi.

Kesho yake saa nne, wenzetu kule juu walishamaliza kuunganisha. Nikapiga picha mbili, nikazituma kwenye kundi kwa kuchelewa. Mwalimu Bupe akajibu kwamba zimepokelewa nje ya muda, hazihesabiwi. Matilda akaomba aione simu. Hakutazama ile ya mbele. Alivuta ile ya nyuma ikawa kubwa, akaikagua muda mrefu, halafu akaokota kitambaa chenyewe pale mkekani na kunichapa nacho begani.