Ruhusa ya Kwenda Mazikoni

Kumasi nzima hamna mtu wa kunibana kwa maneno. Ndiyo maana afisa wa kodi alipotuma habari kwamba anakuja, Maa Serwaa, mwenye mgahawa wetu, alinichagua mimi niwe msemaji wa wafanyakazi wote.

"Yaw, leo huo mdomo ufanye kazi ya maana," aliniambia. "Mwambie nyie si waajiriwa wangu. Kila mtu anajitegemea, anakuja akitaka. Akijua nimewaajiri, itabidi niwakatie kodi, niwachangie pensheni, na faini juu!"

"Maa, we hesabu kwamba afisa keshaondoka."

Afisa mwenyewe, Bwana Amponsah, alikuwa mtu wa kitambi na tabasamu. Aliagiza fufu kwa supu ya mbuzi, akanawa, akaanza kunihoji huku anamega.

"Saa za kazi anakupangia nani?"

"Najipangia."

"Mbona hiyo aproni ina jina la Maa Serwaa?"

"Nampenda sana."

"Na siku hutaki kuja, unaomba ruhusa kwa nani?"

"Ruhusa? Mheshimiwa, bosi wangu ni mimi. Nikijinyima ruhusa, nagombana na mimi."

Alicheka mpaka supu ikampalia. Nikaona mambo yameiva.

Ndipo akaingia mama yangu mdogo, Pokuaa, kitambaa chekundu cha msiba bado kichwani. Hata hakuniangalia. Alimwendea Maa Serwaa moja kwa moja.

"Wewe mama una roho gani? Jumamosi tumemzika kaka yangu, mjomba wa huyu Yaw, halafu naambiwa na Yaw umemnyima ruhusa asije!"

Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikamletea kiti. Wapi!

Maa Serwaa akainuka na mwiko wake. Mwambie lolote, lakini si kwamba amemzuia mtu asizike.

"Nani kamnyima? Mimi? Nilimpa ruhusa siku nzima! Nikampanga Dufie ashike zamu yake, na rambirambi nikampa mkononi!"

Bwana Amponsah akalamba vidole, polepole.

"Kumbe ruhusa unatoa wewe, Maa. Na zamu unapanga wewe."

Maa Serwaa akajishika mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Usiogope," afisa akamwambia. "Waandikishe wote wiki hii, uanze kukata kodi na kuwachangia. Faini nitakuombea isamehewe. Na supu niongezee."

Jikoni wakagonga masufuria kwa furaha, mpaka Maa mwenyewe akashindwa kununa. Mimi nikacheza nao, nikirudi kinyumenyume kuelekea mlango wa uani.

"Yaw, simama hapo hapo," alisema mama mdogo. "Ruhusa ulipewa, rambirambi ulipewa. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Mama mdogo, we acha tu, homa ilinilaza..."

"Muulize mabao ya mechi ya Jumamosi, mama!" Dufie mpishi alipaza sauti dirishani. "Jumapili katusimulia yote matatu, na alivyorukaruka uwanjani mpaka kiatu kikamtoka!"