Mate ya Yasinta

Watafiti walipofika Nduguti mwaka jana, mimi ndiye niliyewasomea wanawake wa mtaa wetu karatasi ya maelezo. Nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, kwa mwanga wa karabai, na tangu hapo sijaacha. Kwa hiyo nilielewa. Ndani ya seli za mwili mna nyuzi za vinasaba, na ncha zake hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kama kamba ya ng'ombe inavyofumuka mwishoni. Walitaka kujua kama kwa wanawake wenye huzuni au wasiwasi wa muda mrefu ncha hizo hupungua upesi zaidi. Kipimo kilikuwa mate kidogo tu ndani ya kichupa.

Mke wangu Yasinta alikuwa na huzuni hiyo. Tangu tumzike Witness, kitinda mimba wetu aliyefariki akijifungua, usingizi ulimpotea, na mtu akichelewa kurudi kutoka shambani alitetemeka. Nilitumaini kichupa kingetuambia shida yake.

Muuguzi wao, Leah, binti wa Kiomboi mwenye mimba changa, akaja nyumbani.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikajibu. "Nimeshamweleza habari za seli. Anajua kila kitu."

"Najua ulichosema wewe," Yasinta akasema. "Mimi sitemi."

"Ni mate tu, mama Gabrieli," nikamwambia. "Hata ndama anayatoa."

"Basi kamwombe ndama."

Leah akacheka, akakifunika kichupa. "Si lazima, bibi. Ila unaogopa nini?"

Kwetu mama humtemea mtoto mate kidogo kwenye paji la uso kumbariki. Yasinta akatazama chini.

"Siku Witness anaolewa nilimtemea. Hakumaliza mwaka, akafa kwa damu akijifungua. Mate yangu yana kitu kibaya. Wewe una mimba, usiyabebe."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo.

"Alitokwa na damu nyingi, bibi," Leah akasema taratibu. "Damu ndiyo iliyomuua. Na hofu hii uliyo nayo ni ugonjwa. Una tiba."

Yasinta akalia, nasi tukamwacha alie.

Leah akampeleka kliniki. Akapewa dawa, akapewa pia mtu wa kuzungumza naye. Mimi niliambiwa nisubiri nje, nami nimezoea kumjibia maswali. Nikasubiri. Utafiti ukaisha bila mate ya Yasinta, na urefu wa ncha zake siujui mpaka leo.

Miezi ilipopita, Leah alipokuja kuaga kwenda kwao kujifungua, Yasinta alimshika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani atamwachia. Akatema, akampaka kwenye paji la uso, kisha akaketi haraka kama aliyekimbia.

Siku zilizofuata hakuiacha simu yangu. Ilipolia aliniwahi. Leah alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Yasinta akaomba asikie mtoto akilia, akasikiliza mpaka salio la Leah likaisha.

Namshukuru Mungu, na Leah, na hao watafiti walioondoka na kichupa kitupu.

"Kesho twende Kiomboi," Yasinta akasema, akinirudishia simu. "Tafuta kuku wa mzazi. Na huko, mzee, usianze habari za seli. Mwache mama wa watu alale."