Wimbo Usiopumua

Lilian, mtayarishaji wa muziki, alimwomba Aminieli apige kila ngoma mara moja tu, kisha aache. Kompyuta ingemalizia kazi iliyobaki.

Aminieli alipiga shingo upande. Studio ilikuwa chumba kimoja huko Sombetini, kuta zimefunikwa kwa magodoro, na yeye aliyetikisa kumbi za Arusha nzima alikuwa anapimwa mapigo kama mgonjwa. Lakini albamu hii ya midundo ya kompyuta, ya kuchezesha vijana, ilikuwa ndoto ya rafiki yake, mwimbaji Romanus, na mapafu ya Romanus yalikuwa yamekwisha. Bendi yao ya roki ilibaki na wao wawili. Wenzao wote walikuwa wamezikwa migombani kwao, Nkoaranga. Sheria yao tangu ujana ilikuwa moja: wimbo hautoki mpaka kila mwanabendi aseme sawa.

Romanus akaanza kuimba. Alipokaribia kiitikio alimgeukia Aminieli, kwa mazoea. Hapo ndipo Aminieli alipozoea kuchelewesha pigo kidogo, mwenzake avute pumzi. Mashabiki waliita huo mtindo, kumbe ilikuwa huruma. Mashine haikuchelewa. Romanus akapaliwa, akakohoa, akaishika meza kwa mikono miwili.

"Hiyo kitu haisubiri mtu, dada," Aminieli alisema, na moyoni akafurahi. Furaha ile ilimwaibisha papo hapo.

"Usijali, mzee wangu. Aimbe mstari mmoja mmoja huku anapumzika. Nitaunga."

Akaunga kweli. Alasiri wakasikiliza. Ngoma za Aminieli zilikimbia bila kuchoka, na juu yake sauti ya Romanus ikapita mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi hata mara moja. Ulikuwa wimbo mzuri, na Aminieli aliuchukia. Alimtafuta yule rafiki yake wa siku zote humo ndani, hakumpata. Neno "hapana" lilikuwa limeshamfika kooni.

Romanus alikuwa amefumba macho, mabega yanacheza.

"Msikie huyo," alisema, meno nje. "Huyo mtu haumwi hata kidogo. Unasemaje, ndugu yangu?"

Aminieli akameza mate. "Sawa."

"Eti?"

Lilian akazima muziki. Chumbani ikabaki sauti ya Romanus akihema, na Aminieli akalirudia neno lile kwa nguvu, ili asiisikie.